Longonot kwa Mara ya Kwanza: Uzoefu Wangu na Kikundi cha Wanaoanza

Nina miaka 46, kazi yangu ni ya kukaa, na goti la kushoto huniuma nikishuka ngazi. Kwa hiyo kabla ya kulipia safari ya kupanda Mlima Longonot na kikundi cha wanaoanza, niliwapigia simu waandaaji na kuuliza jambo moja tu: nikichoka, nani atabaki nami? Kijana aliyepokea akajibu, "Mama, mtu wa mwisho ndiye anayetupangia mwendo."

Na kweli. Tuliondoka Nairobi alfajiri, tukashuka Mai Mahiu, tukafika kwenye lango la hifadhi jua halijawa kali. Tulikuwa kumi na wanane. Kiongozi akatuweka mbele sisi wazito, wepesi wakafuata, na vijana wake wawili wakafunga msafara. Hakuna aliyetupita.

Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano juu ya mlima, ni kilomita 3.1, na kuuzunguka ukingo ni 7.2. Lakini kilichonichosha zaidi ni vumbi. Njia ni majivu ya volkano, laini kama unga. Mguu unazama, na kwenye mwinuko unateleza hatua moja kila ukipiga mbili. Vaa buti zinazoshika kifundo, na ujifunge leso puani.

Ukingoni nilinyamaza. Chini kabisa, ndani ya zile kuta, kuna msitu mzima. Hapo kiongozi alimwendea kila mmoja na kumuuliza kwa sauti ya chini kama anaendelea. Wawili walitosheka, na kijana mmoja akabaki nao. Hawakusemwa.

Kilele Ngamia, sehemu ya juu kabisa ya ukingo, mita 2,776, kina mwinuko wa mwisho uliochimbwa mifereji na mvua. Niliupanda kwa mikono na miguu. Yule kijana wa pili alikaa chini yangu akinionyesha pa kukanyaga, wala hakunivuta. Nilipoliona Ziwa Naivasha kutoka juu, machozi yalinitoka.

Mawili yarekebishwe. Ada ya kuingia hifadhini haikuwamo katika bei, nasi tuliambiwa tukiwa tayari garini. Si haki kwa mtu aliyejipanga kwa shilingi zake. Pia walisema lita mbili za maji zinatosha. Ukingo hauna kivuli, na zangu ziliisha kabla sijamaliza mzunguko. Beba tatu.

Kushuka ndiko nilikokuogopa. Kiongozi alinipa fimbo yake mwenyewe bila kuombwa, akatembea kando ya goti langu bovu hadi langoni.