Mashine nne za kufulia zilizopita nyumbani mwangu

Kwa muda wa miaka ishirini na ushei nimefua kwa mashine nne za aina tofauti, na kila moja nimekaa nayo kiasi cha kuweza kujua, nikiwa chumba kingine, imefikia hatua gani ya kazi. Watu wanaotaka kununua huniuliza kuhusu idadi ya programu na kilo ambazo ngoma inabeba. Mimi siku hizi huangalia mambo mawili tu: inavyosuuza, na kama fundi anaweza kuifungua.

Ya kwanza ilikuwa ya mapipa mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia, na kazi ya kuhamisha nguo kutoka pipa hili kwenda lile ilikuwa ya mikono yangu. Huwezi kuiwasha ukaenda kulala. Hata hivyo ilikuwa na faida ambayo sijaipata tena, kwa kuwa maji yale yale ya sabuni yalifua mikupuo mitatu: kwanza shuka na mashati meupe, kisha nguo za rangi, na mwisho matambara ya kupigia deki, maji yakiwa yamekwisha kuwa ya kijivu. Saa yake ilikuwa ya springi, ya kuzungusha kwa vidole, na ndani haikuwa na bodi ya elektroniki ya kuungua umeme unapopanda na kushuka. Kikamulio kilikuwa chembamba lakini chenye kasi, na shati lilitoka na unyevu kidogo sana, mradi nguo zimepangwa sawasawa na kushindiliwa kwa kile kisahani cha plastiki. Ukizembea, kilianza kugonga kuta kana kwamba kuna mtu amefungiwa humo. Kasoro yake kubwa ilikuwa kwenye kusuuza. Nguo zilitakata sabuni kwa kadiri ya uvumilivu wa mfuaji, na uvumilivu wangu ulikuwa ukiisha kabla ya povu.

Ya pili, ya kujiendesha yenyewe na mlango wa juu, niliipokea kama ukombozi. Ilimaliza kazi kwa chini ya saa moja, na soksi iliyosahaulika chini ya kitanda ungeweza kuitumbukiza katikati ya shughuli bila kuidhuru. Ila ilipenda maji kupita kiasi. Siku moja niliweka bomba lake la kutolea maji kwenye ndoo za lita 20 ili nijue ukweli, na kwa mkupuo mmoja nilijaza ndoo saba, kwa sababu hulijaza pipa zima wakati wa kufua na kulijaza tena kila inaposuuza. Sahani yenye matuta iliyo chini ya pipa huzungusha maji na nguo pamoja, kwa hiyo mikono ya mashati ilitoka imesokotana kama kamba, na kola zilianza kuchakaa mapema. Kwa kuwa haikuwa na koili ya kupasha maji moto, madoa ya mafuta ilikuwa ikiyasalimia tu na kuyaacha yalipo.

Mashine ya tatu, ya mlango wa mbele, ndiyo iliyonifundisha kufua upya. Ngoma yake imelala, na nguo hunyanyuliwa na kuangushwa ndani ya maji machache, hivyo zinajipiga zenyewe badala ya kusuguana. Ndoo mbili na nusu zilitosha mkupuo mzima. Siku ya kwanza nilipima sabuni kwa kikombe kile kile nilichozoea. Baada ya dakika ishirini povu lilitokea kwenye kidroo cha sabuni, likateremka taratibu mbele ya mashine hadi sakafuni, nayo ikaendelea kusuuza na kusuuza hadi ikasimama yenyewe. Maji yakiwa machache, sabuni nayo haina budi kuwa chache, na iwe ile isiyotoa povu jingi. Nilipopunguza hadi vijiko viwili vya mezani, taulo zilizokuwa ngumu kama turubai zikalainika, nikatambua kuwa kwa miaka mingi nilikuwa nikianika sabuni pamoja na nguo. (Anayeinunua mpya asisahau kufungua zile boliti ndefu za nyuma zinazoishikilia ngoma wakati wa kusafirisha. Aliyesahau atakumbushwa, maana mashine itatembea.)

Ilidai matunzo ambayo zile mbili za awali hazikuyajua. Mpira wa mlangoni hubakiza maji kwenye mkunjo wake wa chini, na ukifunga mlango mara baada ya kutoa nguo, ukungu mweusi huota na harufu huhamia kwenye fulana. Chujio la pampu nilikuta ndani yake sarafu, vifungo na waya wa sidiria. Mwaka wa nane ikaanza kunguruma wakati wa kukamua, mngurumo kama wa ndege inayojiandaa kuruka: beringi zinazoiwezesha ngoma kuzunguka zilikuwa zimeisha baada ya sili, mpira unaozuia maji yasizifikie, kupitisha maji. Fundi akaondoa mkanda, akafungua boliti zilizounganisha nusu mbili za pipa linaloizunguka ngoma, akagonga beringi za zamani zikatoka, akatia mpya pamoja na sili yake, na kufikia jioni tulikuwa tukifua. Ilifanya kazi miaka mingine mitano.

Ya nne, ambayo ninayo sasa, haina mkanda. Mota imeunganishwa moja kwa moja na ngoma, na utulivu wake ni wa ajabu. Hukamua kwa mizunguko 1,400 kwa dakika, ingawa tofauti kati ya hiyo na 1,200 ya ile ya tatu haionekani kwenye kamba ya kuanikia. Tofauti ya kweli iko chini zaidi: kilo moja ya pamba iliyokamuliwa kwa mizunguko 800 hubaki na takribani gramu 700 za maji, na kwa 1,400 hubaki na karibu gramu 500. Programu yake ya kubana umeme huchukua zaidi ya saa tatu, jambo linalowaudhi wengi, lakini kinachokula umeme hasa ni kupasha maji, si kuzungusha ngoma. Inafua polepole kwa maji ya vuguvugu ili kuipa sabuni muda wa kufanya kazi ambayo joto lingeifanya haraka. Na anayelinganisha lebo za Umoja wa Ulaya, zinazoonyesha kwa herufi mashine inavyotumia umeme, ajue kuwa vipimo vilibadilishwa Machi 2021, hivyo mashine mpya yenye herufi C haimaanishi kuwa ni duni kuliko ya zamani yenye A+++.

Kwa kufua na kusuuza, hii ya nne inazishinda zote. Tatizo ni kwamba pipa lake halina boliti. Nusu zake mbili zimeunganishwa kwa kuyeyushwa kiwandani, na fundi yule yule, alipokuja kubadilisha pampu na kuchungulia nyuma, alipitisha kidole kwenye ule mshono akatikisa kichwa. Beringi zikiisha, itabidi pipa zima linunuliwe, au likatwe kwa msumeno na kugundishwa upya, kazi ambayo alisema ataifanya bila kutoa dhamana. Ndiyo maana kila mwisho wa mwezi, ikiwa imezimwa na haina kitu ndani, mimi huingiza mkono na kuizungusha ngoma taratibu, sikio likiwa karibu na mlango. Hadi sasa inazunguka kimya.