Kinasa sauti nilichotumia kuhifadhi simulizi ya mama

Nimemrekodi mama yangu akisimulia maisha yake kwa kinasa sauti cha mfukoni chenye maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo. Kwa kazi hii nakipa nyota nne kati ya tano.

Simu ninayo, tena nzuri, lakini ikiwa mezani mama huitupia jicho kila inapowaka, na mtu akipiga simulizi inakatika. Kinasa hakina shughuli nyingine. Ukishakiwasha ukakiweka kando, msimulizi anakisahau, na hapo ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza.

Sauti yake imeniridhisha sana. Maikrofoni ikikaa kifuani, kama shibiri moja chini ya kidevu, inanasa hata pumzi anayovuta mama kabla ya kumtaja marehemu kaka yake. Ila pitia mipangilio kwanza. Changu kilikuja kikirekodi kwa MP3, aina ya faili inayobana sauti ili iwe ndogo, nikakihamishia kwenye WAV, isiyobana, kwa hezi 48,000 (sauti hupimwa mara 48,000 kila sekunde) na biti 24 kwa kila kipimo, kiwango kinachopendekezwa kwa sauti za kuhifadhiwa muda mrefu. Saa moja ya stereo inakula karibu gigabaiti 1, kwa hiyo tafuta kadi yenye nafasi. Zima pia ule urekebishaji wa sauti unaojiendesha wenyewe. Mzee akinyamaza kidogo akitafuta kumbukumbu, kinasa hudhani sauti imefifia, kinaipandisha, na mvumo wa feni unajaa pale alipokuwa kimya. Mimi ule ukimya wake nautaka vilevile.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya kioo. Maandishi ni madogo mno, na alama ya betri huonyesha imejaa hadi inapokaribia kuisha.

Maswali ni juu yako. StoryCorps, shirika la Marekani lililoanza mwaka 2003, hurekodi watu wawili wakizungumza kwa dakika 40 hivi, nami nimeufuata muda huo. Ukizidi, mama anachoka na majibu yanakuwa mafupi. Nilipomuuliza utoto wake ulikuwaje, alisema, "Ulikuwa mzuri tu, mwanangu." Nilipomuuliza nani alikuwa akilala karibu na mlango, alinieleza nyumba nzima: nani aliogopa giza, nani aliamka wa kwanza, babu alitundika wapi koti lake. Kwa hiyo ulizia vitu vinavyoshikika, kisha mwache aende anakotaka.

Nakala moja iko kwenye kompyuta yangu, nyingine kwenye diski aliyonayo dada, ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi niliijaribu, ikavuruga majina ya watu karibu yote, nikaona bora niandike kwa mkono. Kila jina nisilolijua naliwekea alama na kumuuliza mama siku hiyohiyo huyo ni nani kwetu, maana wajukuu watakaosikiliza baadaye hawatakuwa na wa kumuuliza.