Mfuko wa Simu Usioingiza Maji: Nimeupeleka Kwenye Maporomoko

Habari zenu watazamaji. Mnausikia mvumo huo nyuma yangu? Hayo ndiyo maporomoko yenyewe, na gari nimeliacha hapo juu, kando ya barabara. Raha ya maporomoko ya barabarani ni hiyo: unashuka garini, unakata kona moja ya miti, manyunyu yanakupiga usoni kabla hujayaona maji. Simu ndiyo inayoponzeka, maana kwa mwendo wa dakika mbili hakuna anayejiandaa.

Basi leo tunauangalia mfuko huu wa plastiki angavu. Kamba yake naipenda mno. Mawe ya hapa yameota ukungu wa kijani na yanateleza vibaya. Simu ikining'inia shingoni, mikono yote miwili iko huru kushika.

Kwenye boksi wameandika IPX7. Maana yake umepimwa kwa kuzamishwa kwenye maji yaliyotulia, kina cha mita 1, kwa dakika 30. Shikeni neno hilo, yaliyotulia. Maji yanayorushwa kwa nguvu yana vipimo vyake, IPX5 na IPX6, na kufaulu 7 hakuna maana umefaulu hivyo. Kwa hiyo msiende nao pale chini maji yanapoangukia. Ila kwa manyunyu, nimesimama hapa nusu saa, na tishu niliyoikunja ndani, tazameni, kavu kabisa.

Picha sasa. Mnauona ukungu mbele ya lenzi? Maji hayajaingia. Mfuko niliufungia ndani ya gari, hewa ya joto yenye unyevu ikabaki humo. Ilipokutana na baridi ya msituni, unyevu ukageuka vitone kwenye plastiki. Nikarudi juu, nikauacha wazi upoe, nikaufunga upya pamoja na kile kipakiti cha kufyonza unyevu kinachokuja na viatu vipya. Umepungua sana, ingawa picha bado haijanyooka kama ya lenzi tupu.

Kioo nacho kinasumbua: matone yakitua juu yake, simu inayachukulia kama vidole. Pigeni picha kwa kitufe cha sauti.

Mimi nitaendelea kuutumia, kwa kushukia na kupandia. Picha ya kuweka ukutani naitolea simu nje. Na ngojeni, jua limetoka mgongoni kwangu... upinde wa mvua ule pale, kwenye manyunyu! Nishikieni kofia.