Kalibu ya mashimo mawili kwa bunduki ya .30-30: misimu miwili, risasi elfu mbili na malalamiko machache

Kiswahili chetu kinaita risasi ile metali, kikaita risasi kile kinachotoka mtutuni. Kwa hiyo nikisema nasubu risasi kwa risasi, yaani nayeyusha ile metali na kuimimina kwenye kalibu itoke risasi ya bunduki, msidhani nimechanganyikiwa. Naishi Erie, Pennsylvania, Marekani, kando ya ziwa, mchana nafunga matairi kwenye gereji ya mtu, na kila Novemba natoka kwenda kuwinda kulungu wa mkia mweupe na Marlin 336, bunduki ya wenzo inayotumia risasi za saizi ya .30-30, niliyoinunua kwa mzee mmoja aliyechoka na baridi. Wenzangu wa hapa wakiona risasi zangu huuliza swali moja tu: hiyo kalibu ninunue au nisinunue?

Nunua, ila pima mtutu wako kwanza. Mimi sikupima, nikala hasara ya mwezi mzima.

Chombo chenyewe ni kalibu ya alumini, mashimo mawili, inakuja na vipini vyake vya mbao. Nililipa dola 40 na ushei. Jina la kampuni nitalihifadhi kwa sababu nina la kulalamika. Inatoa risasi ya punje 170, kwa ile mizani ya wenye bunduki ambayo punje 7,000 ndizo ratili moja. Ncha yake ni bapa, na hilo si urembo. Magazini ya 336 ni bomba lililolala chini ya mtutu, risasi zinapangana mmoja nyuma ya mwenzake, ncha ya huyu imegusa fataki ya yule, pale panapowashia baruti. Ukiweka ncha kali humo, siku bunduki ikitikisika vibaya utakumbuka maneno yangu.

Kusubu sikujifunzia Marekani. Baba alikuwa mvuvi wa mshipi Pangani, na chubwi zake alizisubu mwenyewe kwa risasi ya betri kuukuu za magari, ndani ya mchanga, msumari katikati ili tundu la kamba lipatikane. Alikuwa na kovu mkononi, refu kama kidole, la siku mchanga ulipokuwa na umande. Tone la maji likifunikwa na risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla, na sufuria nzima inaruka. Nalitaja kwa sababu Erie theluji inatoka ziwani kwa ubavu. Karakana lazima niache mlango wazi kwa ajili ya moshi, na mwaka jana upepo uligeuka, nikaona chembe za theluji zinaelea kuelekea chunguni. Nilizima moto nikaingia ndani kunywa chai. Siku hizi nimetundika turubai.

Malighafi naipata kazini: vile vyuma vya balansi vinavyobanwa kwenye ringi. Zamani vyote vilikuwa risasi yenye antimoni kidogo, ugumu unaotosha. Sasa vingi ni zinki au chuma, na zinki ikiingia chunguni inaharibu kila kitu, risasi hazijai kalibu, zinatoka na mapengo. Navichambua kwa koleo la kukatia: risasi inakubali meno, zinki inateleza. Kinachonipita kinaokolewa na kipimajoto. Risasi inayeyuka nyuzi 327 za Selsiasi, zinki inangoja 419, kwa hiyo wakati wa kuyeyusha vyuma vichafu sivuki 370, na zinki inaelea juu na vibanio vya chuma nikiikusanya kwa kijiko. Halafu natupia vumbi la mbao na kipande cha nta, nakoroga, taka zinapanda. Naongeza bati kidogo ili ijaze kona.

Sasa kalibu. Sifa yake kubwa ni kwamba inapata moto haraka na haichoshi mkono. Risasi 20 za kwanza zina makunyanzi kama dole gumba lililokaa majini, hizo zirudishe chunguni bila huruma. Ikishapata moto inaimba. Unamimina, unatazama kile kijidonge cha juu kinang'aa, kinang'aa, mara kinafifia kama jicho linalosinzia. Hesabu mpaka tano, gonga kwa kijiti cha mbao lile bamba la juu linalokata hicho kijidonge, fungua, risasi mbili zinadondoka kwenye taulo. Zikianza kutoka na rangi ya unga wa majivu, kalibu imezidi moto, pumzika kidogo. Kwa saa moja nzuri napata 150. Nimepima 50 moja moja: nyepesi punje 168, nzito 171. Kwa bei ile sina neno.

Neno ninalo kwenye skrubu ya bamba. Inalegea kila baada ya risasi mia hivi, bamba linainuka, kitako cha risasi kinatoka na ndevu. Na kitako ndicho kila kitu, maana gesi inakisukuma hicho. Nimetoboa tundu dogo pembeni nikaibana na skrubu ya pili, kazi ambayo ilipaswa kufanywa kiwandani. Kipini kimoja cha mbao nacho kimeanza kucheza.

Lakini kosa kubwa ni kipenyo. Karatasi ya kwenye boksi inasema inchi 0.309. Yangu ikatoa 0.3085, nami kwa uvivu nikaona inatosha. Nilivisha kila kitako kikofia cha shaba, nikapaka mafuta, nikapanua mdomo wa maganda kidogo ili yasikwangue risasi, nikaenda uwanja wa shabaha. Yadi 50, risasi tano: zimetawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe, inchi nne na zaidi. Kuchungulia mtutuni, mifuo, ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, imegandwa na metali kama ukuta uliopakwa chokaa. Nilisugua jioni tatu.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Bunduki tupu, wenzo wazi, nikasukuma kipande cha risasi laini mtutuni kwa kijiti, nikakipima kwa mikromita: 0.309. Risasi ya kusubu inataka izidi hapo walau kwa elfu moja ya inchi, la sivyo gesi inapita pembeni na kuiyeyusha. Mifuo ya mtutu huu ni mingi na haina kina, kwa hiyo hausamehe.

Dawa niliyoipata ni rangi ya unga. Unatikisa risasi kwenye kopo la plastiki pamoja na unga, unaoka dakika 20 kwenye nyuzi 200, unarudia. Zinatoka nyekundu kama pilipili, kipenyo 0.311, nazipitisha kwenye tundu la kusawazishia zikawa 0.310. Oveni ni ya mtumba, dola 5, na mke wangu ameiandikia kwa kalamu nene: SI YA MKATE. Ana haki. Sumu ya risasi haina harufu, kwa hiyo nguo za karakana hazivuki kizingiti na mikono naiosha kabla sijagusa hata mlango wa jokofu.

Kuhusu baruti, msiniombe namba. Kampuni za baruti hutoa majedwali ya vipimo kwa risasi za kusubu, nami nilianzia chini kabisa, nikapanda nusu punje kila mara, risasi tano kwa kila kipimo, maganda ya aina moja. Kipimo cha tatu kikatoa inchi moja na nusu yadi 50, cha nne kikatawanya tena. Nikarudi cha tatu nikabaki hapo, japo jedwali lilikuwa bado na nafasi juu. Tahadhari moja: vipimo hivi ni vidogo, ganda linaweza kumeza mara mbili bila kumwagika. Kabla sijabana hata risasi moja napitisha tochi juu ya trei nzima, nikitafuta ganda ambalo baruti yake imesimama juu kuliko za jirani.

Kulungu wa mwaka jana alikuwa yadi 60, ubavu wazi. Nikasema bismillahi. Alitembea hatua kama 40 akakaa chini, nikamwahi na kisu. Tundu la kuingilia na la kutokea, nyama iliyoharibika haijai kiganja.

Nyota tatu na nusu. Ningejua, ningeagiza ile ya kipenyo kikubwa nikaepuka habari ya rangi. Nimeshaiagiza. Hii ya zamani naiazimisha bure kwa yeyote mwenye mtutu mwembamba, na risasi zenye ndevu nazisubu upya kuwa chubwi, kijana wangu anavulia Ziwa Erie.