Beringi ya kola ya kufungia: safi kwa shafti inayozunguka upande mmoja tu

Anza na namba ya beringi. Kwenye 205, zidisha hiyo 05 mara 5: shafti ni ya milimita 25. 206 ni ya 30, 207 ni ya 35. Wanunuzi huchanganywa na herufi. SA205 ni fupi, kama milimita 31 pamoja na kola. NA205 ina ringi ya ndani iliyorefushwa pande zote mbili, inafika kama 44.5. Uwezo wa kubeba mzigo haupishani, ila ringi ndefu inakaa kwenye shafti bila kuyumba. Nafasi ikiruhusu, chukua NA.

Kola ndiyo raha ya beringi hii, na ndiyo inayoharibiwa na haraka. Tundu lake limechongwa nje kidogo ya kitovu, na ncha ya ringi ya ndani vilevile. Ukizungusha kola, vinabanana na kuikaba shafti. Skrubu inazuia kola isirudi, basi. Fundi akikaza skrubu kabla kola haijabana, ringi itateleza juu ya shafti. Utaona unga mwekundu kama kutu pembeni ya ringi. Hapo shafti imeshaliwa, na beringi mpya haitasaidia kitu.

Kwa hiyo pima shafti kwa maikromita kwanza. Ya milimita 25 kwa kipimo cha h7 (kiwango cha upungufu kinachoruhusiwa) isishuke chini ya 24.979. Futa vinundu kwa msasa laini, ingiza beringi, kaza bolti za nyumba yake (kasha linaloishikilia beringi), kisha zungusha shafti kwa mkono. Ikienda laini, sukuma kola ikutane na ringi, izungushe kufuata mzunguko wa shafti, weka panchi kwenye kitundu cha kola na ugonge mara mbili tatu kwa nyundo ndogo. Kukaza skrubu kwa elenki kuje mwisho.

Mgongo wa mviringo wa ringi ya nje unasamehe nyumba iliyokaa upande kidogo. Shafti iliyopinda hausamehi.

Kwa mashine inayogeuza mzunguko hatuipendekezi hata kidogo, maana kola hujifungua yenyewe. Huko weka UC205, yenye skrubu mbili kwenye ringi. Feni ya kasi kubwa nayo inataka UK yenye sliivu (bomba fupi linalokaa kati ya shafti na beringi), kwa sababu kola huisogeza ringi nje ya kitovu na mtikisiko unaanza. Shafti ndefu inayopata joto ni shida nyingine: mita moja ya chuma ikipanda nyuzi 50 hurefuka milimita 0.6, na beringi mbili zilizokabwa hazina pa kuipeleka.

Grisi pampu polepole shafti ikizunguka. Ukilazimisha, sili (kizuizi cha pembeni kinachoshika grisi ndani) inaruka.

Kuitoa, legeza skrubu, gonga kola kinyume cha mzunguko. Ikitoka kwa vidole, haikuwa imebana. Kagua shafti kabla ya kufunga nyingine.