Feni za kasha la kompyuta: zipi ununue, zipi uziache dukani

Kabla hujatoa hela, fungua kasha na uchukue rula. Pima kutoka katikati ya tundu moja la skrubu hadi katikati ya tundu linalofuata kwenye ubavu ule ule. Ukipata milimita 105, nafasi hiyo ni ya feni ya milimita 120, ukipata 124.5, ni ya 140. Angalia na kina pia, kwa sababu feni ya kawaida ina unene wa milimita 25 na kadi ndefu ya grafiki huweza kuifikia. Kisha hesabu soketi za feni kwenye madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) na uone kila moja ina pini ngapi.

Nafasi ya kwanza naipa feni ya milimita 140 yenye pini nne na beringi inayoelea kwenye mafuta, ilimradi kasha lako linaipokea. Mapanga yake ni mapana, hivyo husukuma upepo ule ule kwa mizunguko michache zaidi, na kelele hushuka pamoja na mizunguko. Pini ya nne hubeba amri ya kasi: volti 12 hazibadiliki, ila madabodi hutuma mipigo (ndiyo PWM) inayoiambia feni iende pole au mbio.

Ya pili ni ya milimita 120 ya aina hiyo hiyo, na kusema kweli ndiyo wengi watakayoishia kuinunua, maana karibu kila kasha lina nafasi yake. Arctic P12 PWM hufika mizunguko 1,800 kwa dakika. Noctua NF-A12x25 PWM hufika 2,000 na bei yake iko juu sana. Kwa kasha la kawaida ningechukua mbili au tatu za bei nafuu kuliko moja ya kifahari, kwa sababu upepo unahitaji mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Ya tatu ni feni ya pini tatu. Si mbaya hata kidogo, ila kasi yake hupunguzwa kwa kushusha volti, na ukizishusha mno husimama. Ingia BIOS (mipangilio ya madabodi unayoifungua kompyuta inapowaka) uibadilishe soketi yake kutoka PWM kwenda DC, yaani kasi iongozwe kwa volti, la sivyo itakimbia kwa nguvu zote muda wote.

Seti za mataa naziweka nafasi ya nne: sehemu ya hela yako inakwenda kwenye rangi. Kama unazipenda, nunua, lakini soma plagi ya taa kabla ya kuichomeka. ARGB (kila taa huweza kuwa na rangi yake) ni ya volti 5, RGB ya kawaida (taa zote rangi moja) ni ya volti 12. Nimeshuhudia taa za feni tatu zikiungua mara moja kwa kuchanganya hizo mbili.

Za mwisho ni zile zinazochomekwa moja kwa moja kwenye pawa saplai kwa plagi ya Molex, zisizodhibitika kasi, pamoja na za beringi ya bushi, yaani ekseli inayozunguka ndani ya kibomba chenye mafuta. Bushi ikilazwa kwenye dari ya kasha huchakaa mapema.

Wakati wa kufunga, kumbuka upepo hutoka upande wenye fremu inayoshikilia mota. Za mbele ziingize, ya nyuma na za juu zitoe. Ukiwa na shaka, sogeza kipande cha tishu: kikivutwa, hewa inaingia upande huo. Skrubu za feni hujichongea njia kwenye plastiki, kwa hiyo kaza kwa mshazari na uache pale zinapoanza kukataa.

Feni isipozunguka, zima umeme na uizungushe kwa kidole. Ikizunguka laini, ihamishie soketi nyingine. Ikiwaka huko, tatizo ni soketi ya kwanza au mpangilio wake. Baadhi husimama zenyewe kasha likiwa baridi, na huo si ubovu. Ujumbe wa "CPU Fan Error" mara nyingi maana yake feni ya prosesa imechomekwa kwenye soketi ya kasha. Ukitumia waya wa kugawanya, jumlisha ampea zilizoandikwa kwenye stika: soketi nyingi huishia ampea 1.

Kelele nazo zina lugha yake. Tik-tik ya haraka ni waya unaogusa mapanga. Mvumo unaotikisa kasha ni skrubu iliyolegea. Mkwaruzo unaobaki hata baada ya kusafisha ni beringi, na hiyo feni badilisha tu. Unapopuliza vumbi, shikilia mapanga yasizunguke, kwa sababu upepo wa mkebe wa hewa iliyobanwa huyazungusha kupita kasi yaliyotengenezewa na beringi huumia.