Ruta Gani Ununue Mombasa: Mwongozo wa Nyumba na Ofisi Ndogo

Ingia duka lolote la kompyuta mjini, kuanzia Moi Avenue hadi Digo Road, useme unataka ruta. Utaonyeshwa antena: hii ina nne, hii sita, na hii hapa inapiga mpaka kwa jirani. Usianzie kwenye antena. Kwa nyumba na ofisi nyingi za hapa kwetu, pesa ya antena mbili za ziada ingefanya kazi kubwa zaidi ikinunua mita ishirini za waya wa netiweki na kisambazaji cha pili cha Wi-Fi. Hapa chini nimepanga vifaa kuanzia kile ambacho ningemwambia ndugu yangu anunue, hadi kile ambacho ningemzuia asikiguse. Tuanze na kuta kwa sababu ndizo zinazoamua.

Kuta zetu

Intaneti ya Kenya inatokea baharini hapa hapa Mombasa. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika 2009, EASSy ikafuata 2010. Mtu wa Mji wa Kale anaishi karibu sana na zinapopandia ufukweni, na bado video inamkwama chumbani kwake. Mara nyingi tatizo liko ndani ya nyumba. Nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene ajabu. Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz, ile yenye kasi, hufa kwenye ukuta wa namna hiyo. Ya 2.4 GHz hupenya kidogo, lakini ndiyo iliyosongamana: kwenye magorofa ya Tudor au Majengo kila mlango una ruta yake, na katika masafa hayo ni chaneli tatu tu, 1, 6 na 11, zinazoweza kufanya kazi bila kuingiliana.

Kwa hivyo, kabla hujatoa pesa, pima. Simama kando ya ruta uliyo nayo, pima kasi kwa simu, kisha nenda jikoni, chumbani na barazani, upime tena. Ikiwa kando ya ruta unapata kasi unayolipia na chumbani imebaki robo, ruta yako haina ubaya. Iko mbali nawe, na ukuta uko katikati. Hapo hata ruta ya bei maradufu haitakuokoa.

Ya kwanza: ruta ya bei ya wastani, na kisambazaji kimoja kilichounganishwa kwa waya

Hili ndilo chaguo langu kwa familia nyingi na kwa ofisi ya watu wawili hadi kumi. Kifaa cha kampuni ya faiba kinabaki pale fundi wao alipokifunga. Unazima Wi-Fi yake, unaweka ruta yako nyuma yake, na kutoka kwenye ruta unavuta waya hadi upande wa pili wa nyumba unakofunga kisambazaji, kile kisahani cheupe kinachobandikwa darini au ukutani. Kama pesa haitoshi, ruta nyingine ndogo yenye uwezo wa kugeuzwa kuwa kisambazaji inatosha kabisa. Zipe zote mbili jina moja na neno la siri moja, na simu itahamia yenyewe unapotembea.

Ruta ya wastani ni ipi? Tafuta Wi-Fi 6, yaani kizazi cha sita cha Wi-Fi. Usitishwe na nambari kubwa kwenye boksi. AX1500 haimaanishi kwamba simu yako itapata 1500 Mbps. Ni jumla ya 300 za masafa ya chini na 1201 za masafa ya juu, zote za kinadharia. Nyumba inayolipia 30 au 40 Mbps haina haja ya zaidi ya hapo. Angalia pia matundu ya waya: ruta nyingi za bei ya chini zina matundu ya 100 Mbps tu, na ofisi inayohamisha mafaili makubwa kati ya kompyuta zake italiona hilo kila siku. Dai matundu ya gigabiti.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji ni masasisho ya usalama. Geuza ruta chini usome kibandiko. Karibu na nambari ya serial mara nyingi utaona V au Ver na nambari, tuseme V1 au V4. Modeli yenye jina moja huweza kuwa na matoleo kadhaa, na ndani yake vifaa tofauti kabisa. Ingia tovuti ya mtengenezaji kwa simu yako hapo hapo dukani, tafuta modeli na toleo lile lile, uone sasisho la mwisho lilitoka lini. Likiwa la miaka minne nyuma, mrudishie muuzaji boksi lake kwa heshima hata kama amekupunguzia bei. Mwaka 2018 programu hasidi iliyoitwa VPNFilter iligunduliwa ndani ya ruta zaidi ya 500,000 katika nchi 54, na zilikuwa ruta za aina hii hii ya nyumbani na ofisi ndogo, za kampuni zenye majina makubwa. FBI ya Marekani ikawaomba watu wazizime ruta zao na kuziwasha upya.

Hakikisha pia ina WPA3, kinga ya Wi-Fi iliyotangazwa 2018, pamoja na WPA2 kwa ajili ya simu za zamani. Na iwe na mtandao wa wageni, yaani Wi-Fi ya pili isiyofika kwenye kompyuta zako. Hili la wageni sikubali kulilegeza kwa ofisi yoyote. Fikiria ofisi ya wakala wa kutoa mizigo bandarini: kwenye kompyuta kuna nakala za vitambulisho vya wateja na PIN zao za KRA, DVR, ile mashine ya kurekodi picha za kamera, imewekwa juu ya kabati, printa iko kando ya mlango, na kwenye benchi wamekaa madereva wanaosubiri makaratasi, kila mmoja akiomba Wi-Fi. Ukiwapa neno la siri lile lile la ofisi, umewaingiza pamoja na mafaili. Hata kama wao ni watu wema, hujui ndani ya simu zao mna nini. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde.

TP-Link na Tenda ndizo utakazoziona zaidi madukani kwa daraja hili. Zote zina modeli nzuri na modeli dhaifu. Jina pekee lisikutoshe, soma kibandiko.

Ya pili: seti ya meshi

Vijisanduku viwili au vitatu vinavyouzwa pamoja na kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe. Kwa nyumba ndefu ya Nyali au gorofa mbili Bamburi, zenye kuta za kawaida za matofali, ni raha: unavipanga, unafuata maelekezo ya programu kwenye simu, umemaliza. Nimeviweka vya pili kwa sababu watu huvinunua wakidhani wameepuka waya. Kijisanduku cha pili kinapaswa kulipata wimbi la cha kwanza kabla ya kulisambaza, na ukiwa umekiweka nyuma ya ukuta wa matumbawe kitasambaza kile kidogo kilichopenya. Nunua seti ambayo kila kijisanduku kina tundu la waya, na penye uwezekano uviunganishe kwa waya.

Ya tatu: MikroTik, kama una fundi

Kampuni hii ni ya Latvia, na kwa bei yake hakuna ruta inayokupa uwezo mkubwa namna hii. Utagawa mtandao wa ofisi vipande vipande, utaunganisha laini mbili za intaneti, utapanga kila mtu apate kasi gani. Wenye saiba na wanaouza Wi-Fi mitaani wanaipenda kwa sababu hiyo. Lakini haimwongozi mtu asiyejua. Mwaka 2018 tundu la usalama liligunduliwa kwenye Winbox, programu ya kuisimamia. Kampuni ilitoa sasisho haraka, lakini ruta nyingi duniani zilibaki bila kusasishwa, mlango wa usimamizi ukiwa wazi kwa intaneti nzima, na wahalifu wakaziteka. Kama fundi wako huja mara moja, akafunga, akaondoka na neno la siri kichwani mwake, usiinunue. Kama ni mtu unayempata na anayekuachia maandishi ya alichokifanya, kwa ofisi inaipita hata ya kwanza.

Ya nne: kifaa cha kampuni peke yake

Unaishi chumba kimoja au viwili Mikindani, simu tatu na televisheni? Usinunue chochote. Badilisha neno la siri la Wi-Fi lililoandikwa kwenye kibandiko, badilisha na lile la kuingilia mipangilio, kiweke kifaa juu na mahali pa wazi badala ya nyuma ya televisheni. Basi.

Ya tano: ruta ya laini ya simu

Ya 4G au 5G. Kama faiba haijafika mtaani kwako, hii inapanda hadi juu kabisa ya orodha. Kwa wengine ni akiba nzuri ya dharura, hasa kwa biashara inayopokea malipo kwa simu siku nzima. Chagua laini ya kampuni tofauti na ile ya faiba yako. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota Afrika Mashariki nzima, na katika hali kama hiyo kampuni zinazopitia njia tofauti haziumii sawasawa.

Ekstenda, na ruta za mitumba

Ekstenda ya kuchomeka kwenye soketi hupokea na kurusha tena, mara nyingi kwa masafa yale yale, na kasi inakatika karibu nusu. Inafaa kwa taa ya barazani au kengele ya mlango zinazotumia Wi-Fi, si kwa kazi. Ruta ya mitumba siinunui kabisa: nyingine zimefungiwa kampuni moja, nyingi zimeshaachwa na mtengenezaji, na hujui aliyekuwa nayo aliweka nini ndani.

Waya, chumvi na stima

Waya ndio mahali watu wanapodanganywa zaidi. Omba daraja la Cat6, au Cat5e ya shaba tupu, ambayo itakubebea gigabiti moja hadi mita mia. Madukani kuna waya wa bei rahisi ulioandikwa CCA, yaani alumini iliyopakwa shaba. Muombe muuzaji akate kipande, chukua unyuzi mmoja uukwangue kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, CCA inageuka nyeupe mara moja. Alumini hukatika kirahisi kwenye maungio, na kwa kamera au visambazaji vinavyopata umeme kupitia waya huo huo hupata joto kuliko shaba.

Hewa ya bahari nayo ina lake. Nyumba iliyo karibu na maji, Kizingo au Likoni, plagi za waya zilizoachwa wazi huota ukoko wa kijani kwenye zile pini ndogo, na mtandao huanza kukatika bila sababu inayoonekana. Nunua plagi zilizopakwa dhahabu vizuri, weka vifuniko vya mpira, na usipitishe waya wa ndani nje ya nyumba. Nje kuna waya wake mweusi unaostahimili jua. Kama unaunganisha majengo mawili, tumia faiba ili radi za masika zisipite kwenye shaba na kuua vifaa pande zote. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kwa hivyo usitoboe uso wa nyumba bila ruhusa. Pitisha waya kwenye kona za ngazi.

Kwa stima inayopotea, UPS ndogo ya ruta, yaani betri inayoiwasha umeme ukikatika, ni ununuzi mzuri kuliko watu wanavyodhani. Soma adapta yako kwanza: nyingi ni volti 12, lakini zipo za volti 9, na ukiilisha ya 9 volti 12 unaweza kuiunguza. Linganisha ampea pia. Na kumbuka vifaa ni viwili, cha kampuni na chako, kwa hiyo chagua UPS yenye matundu mawili ya kutoa umeme, la sivyo ruta itawaka bila intaneti.

Siku ya kufunga

Sasisha programu ya ruta kabla ya jambo lingine lolote, na kama kuna kitufe cha kusasisha yenyewe, kiwashe. Badilisha neno la siri la usimamizi, lile la kuingilia mipangilio. Mirai, programu hasidi iliyotikisa intaneti 2016, iliteka kamera na ruta kwa kujaribu orodha fupi tu ya maneno ya siri ya kiwandani. Zima WPS, njia ya mkato ya kuunganisha vifaa kwenye Wi-Fi, maana PIN yake ya tarakimu nane imejulikana kuwa dhaifu tangu 2011. Zima usimamizi wa kutoka nje, yaani kuingia mipangilio ya ruta kupitia intaneti. Neno la siri la Wi-Fi liwe refu, maneno manne matano ya Kiswahili yasiyohusiana, ambayo mtoto anaweza kuyakumbuka na jirani hawezi kuyabahatisha.

DVR ya kamera iweke upande wa wageni, au kwenye mtandao wake yenyewe kama ruta inaruhusu, na usikubali fundi afungue mlango kwenye ruta ili uzione kamera ukiwa safarini. Mwambie apange VPN, njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wako ukiwa mbali. Akisema hajui, tafuta anayejua.

Kisha jaribu. Unganisha simu yako kwenye mtandao wa wageni, andika kwenye kivinjari anwani ya printa, halafu ya kompyuta ya hesabu, halafu ya ukurasa wa ruta yenyewe. Hakuna hata moja inayopaswa kufunguka. Ikifunguka, rudi kwenye mipangilio kabla hujampa mteja wa kwanza neno la siri.